Wanne kwa Karatasi Tatu

Mara ya kwanza Tsonka Vlaeva kuvunja jino la mtu alikuwa na miaka kumi na tisa, na mwenye jino alikuwa bosi wake. Kiwanda cha nyama kilikuwa bondeni, chini ya mji, karibu na mto Danubi, na wasichana wapya walipangwa kwenye mfereji wa damu. Nguruwe anateremka kwenye ndoano bado anatapatapa, msichana anasogeza beseni, anaikoroga damu kwa mkono isigande, kisha anaipeleka kwa wapika soseji. Bosi alikuwa na mchezo wa kuwashika wasichana kiuno wakati mikono yao yote miwili imo kwenye beseni. Wengine walilia. Tsonka alichomoa mkono mmoja, akaukunja, akampiga nao hivyo hivyo unavyotiririka, jino likaruka likatua kwenye beseni. Soseji za siku ile zilikwenda sokoni kama kawaida.

Hakufukuzwa, maana nani angechukua nafasi yake? Alikaa kwenye mfereji ule miaka ishirini na miwili. Mumewe Gavril, dereva wa lori, alimpiga mara mbili. Ya kwanza ilisamehewa kwa sababu ya mimba. Ya pili ilimkuta Tsonka akisukuma unga wa banitsa, mkate wa jibini, na kile kijiti cha kusukumia kilivunjikia kwenye mkono wa Gavril, na mkono nao ukavunjika. Gavril alihamia kwa dada yake, na mpaka leo rakia, ile pombe kali ya matunda, anainywa kwa mkono wa kushoto. Tsonka akabaki na binti mmoja, Iskra.

Kiwanda kilipofungwa akapata kazi ya ubawabu kwenye mabweni ya chuo, Bweni la Tatu, ghorofa sita, wanafunzi mia tatu. Alikaa kwenye kibanda cha kioo mlangoni, nyuma yake ubao wa funguo, mbele yake kahawa nyeusi isiyoisha. Wanafunzi walimwita shangazi akiwapo, na Mchinjaji akiwa hayupo. Majina yote mawili aliyajua, na yote aliyapenda. Mlevi akileta fujo kwenye ngazi, hakuwa anaita askari. Alikuwa anapanda.

Sasa majira ya baridi yale Iskra, miaka ishirini na sita, fundi wa cherehani kwenye kiwanda cha mashati, alianza kupumzika kila baada ya ngazi tatu. Midomo yake ilikuwa ya buluu kama ya mtu aliyetoka kula zambarau. Madaktari walisema kilango kimoja cha moyo hakifungi tena, lazima apasuliwe kiwekwe kingine, na wakampa siku: Alhamisi, wiki ya pili ya Machi. Wakampa na lile sharti ambalo kila aliyewahi kuuguza analijua. Ndugu wa mgonjwa watafute watu wa kutoa damu. Kila mtoaji atapewa karatasi yenye jina la mgonjwa. Karatasi tatu zifike hospitali kabla ya Alhamisi, la sivyo mgonjwa hapandishwi mezani, anarudi nyumbani kungoja siku nyingine. Na daktari alimwambia Tsonka pembeni, bila kuzunguka, kwamba Iskra si mtu wa kungoja siku nyingine.

Damu ya Tsonka mwenyewe haikutakiwa, kwa kuwa utotoni aliugua homa ya ini. Dada yake alikuwa Uhispania akichuma stroberi. Gavril ungemtoboa ungepata rakia tupu. Majirani walikuwa wazee wa dawa za presha.

"Usihangaike," Tsonka alimwambia binti yake. "Nina watoto mia tatu mle ndani, wote wana damu. Nikikosa watatu, mimi si Tsonka."

Akaanza na Asen, kijana wa uhandisi mwenye shingo kama gogo.

"Asen! Njoo hapa. Una kilo ngapi?"

"Themanini na mbili, shangazi. Kwani unaniuza?"

"Nataka damu yako. Nusu lita tu."

"Aa, sindano hapana. Mimi hata mbu akinisogelea natafuta pa kukaa."

"Wiki iliyopita si ulipigana na watu watatu nje ya baa?"

"Ile ngumi, shangazi. Ngumi inakuja haraka. Sindano inakuja polepole huku inakuangalia."

Akamgeukia Gergana wa sheria, ambaye alikuwa anapita na taulo kichwani. Gergana akasema bibi yake amemkataza, maana damu ikitoka hairudi ile ile, mtu anabaki mzito na mvivu.

"Uvivu ndio unaouogopa wewe? Saa sita mchana ndiyo asubuhi yako!"

Mwingine alikuwa na mitihani. Mwingine alikuwa amechorwa joka mgongoni mwezi uliopita, na aliyechorwa hapokelewi mpaka nusu mwaka ipite. Alivua shati pale pale mlangoni kuthibitisha. Mwingine akasema, "Mimi nitoe bure, halafu wao wakaiuze? Mjinga nani hapo?" Siku tatu Tsonka alisimama mlangoni kama mtoza ushuru, na kila mtu alipita na neno lake.

Aliyemuudhi kuliko wote ni Lyuben, kijana mwembamba wa miwani, mwaka wa tatu, aliyesomea kutibu mifugo. Huyu hakutoa hata sababu. Alisema tu, "Siwezi."

"Huwezi nini? Wenzako angalau wanajisumbua kudanganya."

"Siwezi tu, shangazi."

"Mwoga mkubwa! Na siku ng'ombe akikutazama, utajificha chini ya nani?"

Waliokuwa kwenye ngazi wakacheka. Lyuben aliiva uso mpaka masikioni, akapanda juu.

Jumatatu ikafika. Karatasi hakuna hata moja.

Ndipo Tsonka akaenda kwa jirani yake, Mzee Metodi, mwenye kompyuta moja na kazi moja: kuchapa matangazo ya msiba. Huko kwao mtu akifa, picha yake hubandikwa mlangoni pake, kwenye nguzo za umeme, kwenye miti ya mtaani, na jina, na miaka, na maneno mawili ya huzuni, vyote ndani ya fremu nyeusi yenye msalaba juu. Tena na tena hubandikwa, siku ya arobaini, miezi sita, mwaka. Hakuna nguzo mjini isiyo na maiti.

Tsonka alimpa picha ya Iskra akitabasamu kwenye harusi ya rafiki yake. Metodi akachapa ishirini.

"Msalaba nimeuondoa," alisema kwa fahari.

"Na hii nyeusi pembeni?"

"Hiyo haiondoki. Nikiiondoa, picha inakimbia."

Tsonka alikuwa na haraka. Macho yake nayo yalikuwa yamezoea. Tangu azaliwe amepita katikati ya fremu hizo kama mtu anavyopita katikati ya kunguru. Akabandika ghorofa zote sita. Juu ISKRA VLAEVA, miaka 26. Chini, kwa herufi ndogo: anahitaji watu watatu wa kumtolea damu kabla ya Alhamisi.

Jumanne asubuhi Asen alisimama mbele ya kibanda, nywele amezilowesha na kuzichana, mkononi maua mawili meupe. Mawili. Mtu aliye hai huletewa matatu, huletewa matano. Ya jozi ni ya kaburini.

"Shangazi, pole sana. Mungu amlaze pema. Alikuwa bado mdogo."

"Nani?"

"Binti yako."

Tsonka alitoka kwenye kibanda. Aliyachukua yale maua, na kwa yale maua akampiga Asen usoni, shingoni, masikioni, mpaka petali zikaenea kwenye sakafu na mkononi mwake vikabaki vijiti viwili, navyo akavimalizia kichwani. "Yuko hai! Yuko hai, we fahali! Soma! Chuo kizima hakuna anayejua kusoma?"

"Nimesoma jina, shangazi! Nimeona picha! Nani anasoma kule chini?"

Na kumbe Asen hakuwa peke yake. Habari ilikuwa imefika mpaka kiwanda cha mashati, na wenzake Iskra walishaanza kuchanga pesa ya shada la maua, mpaka mmoja akapiga simu nyumbani kwa marehemu aulize saa ya mazishi, na simu ikapokelewa na marehemu. Iskra alicheka. Alicheka mpaka midomo ikawa nyeusi, akaketi sakafuni mdomo wazi, na robo saa nzima hewa ilipita kwa shida, mama yake akiwa amemshika mabega bila kujua la kufanya na mikono ile iliyojua kufanya kila kitu. Alipotulia, Iskra alisema, "Mama, usinichekeshe tena mpaka Alhamisi."

Tsonka alirudi bwenini kubandua. Alikuwa ghorofa ya tatu, anakwangua kwa kucha, mlango ukafunguliwa. Lyuben.

"Shangazi. Kaloyan wa chumba hiki, unaikumbuka pua yake?"

"Alianguka kwenye barafu."

"Barafu ya Oktoba?"

Tsonka akaacha kukwangua.

Lyuben alieleza akiwa amesimama nusu ndani, nusu nje. Vuli iliyopita mke wa mwalimu wao alihitaji damu, yeye na Kaloyan wakaenda kwenye kituo cha kutolea damu. Pale mbele ya geti kuna kioski cha kahawa, na kwenye kreti za bia wanakaa watu wa Ruba. Ruba ndilo jina lake, lingine hakuna anayelijua. Familia ikikosa watoaji, inamwendea yeye, analipwa, analeta watu wake wenye njaa, wanatobolewa mkono, karatasi inapatikana. Sasa mwanafunzi anayekwenda bure anamwondolea mkate mdomoni. "Walitungoja kwenye njia ya pembeni. Kaloyan walimpiga mpaka pua ikakaa shavuni. Mimi walinishika tu. Wakachukua kitambulisho changu, wakakipiga picha, Ruba akakisoma kijiji changu kwa sauti. Polisi wakatuuliza mashahidi wako wapi."

"Na bweni zima linajua?"

"Bweni zima. Wengi wameshafukuzwa pale, au wana rafiki aliyefukuzwa. Hayo ya mitihani na mbu na bibi ni ya kusema tu. Nani atakuja kukwambia wewe, Mchinjaji, kwamba alizabwa makofi akakimbia?"

Tsonka alikaa kwenye ngazi, picha za binti yake mapajani. Baadaye akauliza, "Wanakuwa wangapi?"

"Watatu."

"Wanafika saa ngapi?"

"Saa moja. Kituo kinafunguliwa na nusu."

Jioni ile alipita vyumbani, na safari hii hakumwita mtu mwoga. Aliwaambia wazi: kuna watu watapiga, na mimi nitakuwa mbele. Kaloyan alifunga mlango wake kwa ufunguo. Asen alikubali kwa sababu ya aibu ya maua. Gergana alikubali huku analia, akamvuta mwenzake wa chumba, Bozhana, mrefu, mchezaji wa mpira wa wavu. Wa nne alikuwa Lyuben. Alisema tu, "Saa moja kasoro nitakuwa chini."

Gergana, mwanasheria, akahesabu. "Shangazi, si karatasi ni tatu? Mbona tuko wanne?"

"Wa akiba," Tsonka alisema.

Kwenye mfereji, ukiingiziwa nguruwe mia unaandika tisini na saba, maana watatu wataharibika njiani. Hakuna anayejua ni wapi, lakini watatu wataharibika. Tsonka alijua alichokuwa anahesabu.

Jumatano theluji ilikuwa inayeyuka, mifereji inalia. Tsonka alichukua soksi ndefu ya sufu, akatia funguo za akiba za vyumba sitini, akafunga fundo. Wakatembea watano, yeye mbele.

Ruba hakuwa mkubwa. Alikuwa mtu mfupi, msafi, koti la ngozi, sauti ya kuhani. Alikuwa anatafuna mbegu za alizeti na maganda anayatemea kwenye kikombe, hataki kuchafua. Kulia kwake Dako, mwenye chupa ya bia saa ile ya asubuhi, kushoto mmoja mnene asiye na shingo.

"Karibuni," Ruba alisema. "Mnamwendea nani?"

"Daktari," Tsonka alisema.

"Bibie, nawauliza watoto. Umewaokota wapi wote hawa?"

"Nimewazaa. Wote wanne, siku moja, bila mkunga. Pisha."

"Kuna foleni hapa."

"Foleni iko ndani."

Ruba akacheka kidogo, macho yakamwangukia Lyuben. "Ala! Huyu namjua. Wa kule kwenye mabwawa. Vipi mama? Bado anafuga bata? Peke yake vile, nyumba ya mwisho kabisa?"

Lyuben aligeuka rangi ya karatasi.

"Bata wazima," Tsonka alisema, "wanakusalimu," na soksi ikazunguka.

Nguruwe hupigwa katikati ya macho. Binadamu ana taya. Funguo sitini zilitua pale taya linaposhikana na sikio, na sauti yake ilikuwa kama kabati la vyombo kuanguka. Ruba alikaa chini. Mbegu zikamtoka mdomoni pamoja na meno. "Ndani!" Tsonka alipiga kelele. "Ndani, ndani!"

Bozhana alimshika Gergana mkono akaruka geti kama anaruka wavu. Yule mnene akamdaka Asen kwa koti, akampiga mbavuni mara tatu, ngumi fupi fupi, na Asen akampiga kichwa cha pua, koti likabaki mkononi mwa mnene, Asen akapita na shati tu. Mlangoni alisimama nesi wa kituo, mwanamke wa mvi. Aliwavuta ndani mmoja mmoja.

Mnene akamgeukia Tsonka. Soksi ilimpata begani, ikachanika, funguo zikatapanyika kwenye matope yote. Basi akabaki na mikono. Alimkwaruza macho, akampiga goti, na yeye akapokea ngumi moja ya juu ya kifua akasikia mfupa wa bega ukikatika, tak, kama kijiti cha banitsa. Akaanguka. Ruba alikuwa ameinuka, taya linaning'inia, akamkamata nywele kwa mkono mmoja na kwa mwingine akamziba mdomo, na mnene akampiga teke, na teke, na teke.

Lyuben alikuwa ameshapita geti, karibu na mlango. Nesi alikuwa amemnyooshea mkono. Hatua mbili tu. Watu waliokuwa wanangoja basi ng'ambo ya barabara walimwona wote: alisimama, akavua miwani, akaitia mfukoni, akarudi. Alimrukia Ruba mgongoni, akamkaba, na mikono yake ile myembamba haikuachia. Dako ndiye aliyekuwa hajafanya kitu bado. Aliigonga chupa kwenye ukingo wa geti, akaizungusha, na akamtia nayo Lyuben usoni.

Kelele ile Tsonka alikuwa ameisikia miaka ishirini na miwili kutoka kwenye ndoano. Kutoka kwa mtu hakuwahi kuisikia.

Kiganja cha Ruba kilikuwa bado mdomoni mwake. Aliuma. Alipata kidole gumba, akafunga meno mpaka yakakutana na mfupa, na hakufungua tena. Walimpiga kichwa chini, hakufungua. Dako na mnene walikimbia, hakufungua. Polisi walipofika walimkuta amelala kwenye matope, bega limevunjika, jicho limefumba, kidole cha Ruba mdomoni, na Ruba analia kama mtoto. Ilibidi askari wawili wapige magoti wambembeleze. "Achia, mama. Tumeshafika. Achia."

Kando yake Lyuben alikuwa amekaa, mikono miwili usoni, na damu inapita katikati ya vidole, inashuka kwenye viwiko, inaingia kwenye theluji. Nusu lita, labda zaidi. Haikuwa na jina la mgonjwa yeyote.

Ndani, nesi alikuwa amefunga mlango kwa komeo na kuvuta pazia. "Msiangalie huko," aliwaambia. "Angalieni ukutani." Gergana alizimia sindano ilipoingia, akazinduka, akasema aendelee. Saa tatu asubuhi karatasi tatu zilikuwa hospitali.

Alhamisi Iskra alipandishwa mezani. Upasuaji ulichukua saa sita nzima. Tsonka alikaa kwenye korido, mkono umefungwa kifuani, mdomo umevimba, hata maji hayapiti. Daktari alipotoka alisema kilango kipya kinafunga vizuri kabisa. Tsonka alimshukuru, kisha akateremka ghorofa moja, wodi ya macho, akasimama mlangoni. Lyuben alikuwa amelala, kichwa chote bendeji. Jicho la kushoto walikuwa wamelitoa usiku. Alisimama pale mpaka akafukuzwa na mfagiaji.

Polisi waliandika kwamba ni ugomvi wa barabarani, pande zote mbili. Dako hakuonekana tena mjini; wengine walisema yuko Ujerumani. Ruba alifungwa nyaya kwenye taya akawa anakunywa supu ya utumbo kwa mrija, na kabla wiki haijaisha kwenye kreti ile ile ya bia alikaa mtu mwingine, mrefu zaidi.

Jumatatu iliyofuata gari la damu lilikuja mpaka mlangoni kwa Bweni la Tatu, lile linalozunguka vyuoni. Halina geti, halina kioski. Tsonka alitoka na mkono wake uliofungwa akasimama kando yake, wamwone. Walimwona. Walipita, na safari hii hakuna aliyetaja mbu wala bibi.

"Tumeliona jicho la Lyuben, shangazi," alisema yule wa mitihani. "Tusamehe."

"Hapa hakuna wa kuwapiga! Liko hapa hapa, mlangoni!"

"Leo liko hapa. Na wakijua majina yetu?"

Saa nane gari liliondoka na mifuko miwili.

Mama yake Lyuben alifika Ijumaa, kwa mabasi mawili, kuchukua vitu vya mwanawe, maana kijana alisema hataki kurudi. Aliitwa Nedka. Alikuwa mwembamba vile vile, kitambaa kichwani, mabuti ya mpira. Alisimama mbele ya kioo.

"Wewe ndiye Tsonka?"

"Ndiye mimi. Toka lini umefika, dada? Ingia ndani, kuna baridi."

Tsonka alipofungua mlango wa kibanda, Nedka alimpiga kofi. Halikuwa kofi la mwanamke aliyezoea kupiga. Lilitua nusu kwenye shavu, nusu kwenye bega bovu, na Tsonka aliona nyota. Wanafunzi kwenye ngazi walisimama kama waliogandishwa. Wote waliutazama mkono wa Tsonka wa kulia, ule mzima. Ulikuwa umening'inia tu.

"Wale wasichana wamenieleza," Nedka alisema. "Karatasi zilikuwa tatu."

"Tatu."

"Uliwachukua wanne."

"Wanne."

"Wa nne alikuwa wa nini?"

Tsonka angeweza kusema wa akiba. Angeweza kusema endapo mmoja atazimia, endapo mmoja ana mafua. "Nilijua mmoja hatafika," alisema. "Sikujua yupi."

Nedka aliinua mkono tena, akaukuta umechoka, akaushusha. Akakaa kwenye kiti cha bawabu bila kukaribishwa, akanywa kahawa ya Tsonka iliyokuwa pale mezani, imepoa, akainywa yote.

"Binti yako ni mzima?"

"Mzima."

"Nataka kumwona."

"Dada, bado yuko wodini..."

"Sikukuuliza yuko wapi. Mwanangu ametoa jicho. Nataka nione limenunua nini."

Walikwenda kwa miguu, Nedka na mfuko wa vitu vya mwanawe begani. Iskra alikuwa amelala, mipira puani, kovu linachungulia kwenye shingo ya gauni. Midomo yake ilikuwa ya rangi ya waridi hafifu. Nedka alisimama kwenye miguu ya kitanda, mabuti yake yanadondosha maji sakafuni, akamtazama binti yule kama mtu anavyotazama mnyama mnadani: uso, shingo, mikono, kucha. Aliinama akaweka sikio karibu na kifua. Akasikiliza kwa muda mrefu.

"Mwembamba," alisema alipoinuka. "Huwa anakula?"

"Hapendi kula."

"Atapenda. Nitakuletea bata."

Akafunga kitambaa chake vizuri, akauliza basi la saa kumi linapakilia wapi.